Dakika Sita za Mkurugenzi

Nina mashine tatu za santuri katika chumba kimoja, na tangu mke wangu afariki, miezi minane sasa, hakuna hata moja iliyonitoa chozi. Nalisema mapema ili mtu asije akakaa akingoja. Wengi walishangoja, wakachoka, wakachukua viatu vyao mlangoni wakaenda.

Mashine ya kwanza ni kubwa, ya mbao, mkono wake wa chuma ni mzito kama mpini wa nyundo. Niliinunua nikiwa fundi wa boila kiwandani, kabla sijaoa. Ya pili alinipa mwenye duka la redio baada ya kumtengenezea friji. Mkono wake umepinda kama shingo ya bata, na usipoujua utakuchezea. Ya tatu niliiunda mwenyewe baada ya kufukuzwa kazi, nikiwa na muda mwingi na hasira nyingi: sahani imetoka huku, mota imetoka kule, mkono ni bomba jembamba la alumini nililolisugua kwa msasa wiki nzima. Kila mkono unabeba katriji yake, kile kijidude cha mbele chenye sindano, kinachogeuza mtikisiko kuwa sauti. Katriji ninazo saba. Zinakaa kwenye kopo la biskuti, kila moja imefungwa kitambaa kama jino la mtoto.

"Mwanamume mmoja, masikio mawili, mashine tatu," mke wangu alikuwa akisema. "Ile ya tatu unasikilizia nini, tumbo?"

Alijifanya haelewi. Santuri moja ukiipiga kwa sindano tatu utasikia mambo matatu. Mfereji wa santuri una kuta mbili, kama bonde. Sindano nene hupita juu juu ya kuta. Nyembamba huzama karibu na chini. Kwenye mashine ya kwanza besi inatembea chumbani na viatu. Kwenye ya pili unamsikia mwimbaji akivuta pumzi. Kwenye ya tatu unasikia kucha ya mpiga gitaa ikikwaruza waya. Jumapili mchana nilikuwa napiga wimbo mmoja mara tatu, nahamisha santuri meza hadi meza, nazungusha uzani ulio nyuma ya mkono, robo gramu hivi, robo gramu vile, na ile raha hakuna mwajiri aliyeweza kunikata.

Siku hizi nasikia yote hayo bado. Besi ipo, pumzi ipo, kucha ipo. Nasikia kama mtu anavyosoma maandishi kwenye chupa ya dawa.

Santuri ninayotaka kuieleza haikuuzwa dukani. Kiwanda chetu cha nguo kilipotimiza miaka ishirini na tano, mkurugenzi alitaka sherehe, na sherehe yenyewe alitaka ibaki. Wakaletwa watu wa kurekodi, kipaza sauti kimoja kikasimamishwa uwanjani mbele ya ghala. Upande wa kwanza unaanza na hotuba ya mkurugenzi, dakika sita. Kisha kuna utepe mwembamba unaong'aa, usio na kitu, kisha wimbo wa kwaya ya wafanyakazi, na ndani ya wimbo huo mke wangu anaimba mistari minne peke yake. Alikuwa idara ya kusokota nyuzi. Ndoa yetu ilikuwa na mwaka mmoja. Baada ya sherehe ile hakuimba tena mbele ya watu. Hata jikoni hakuimba.

Mimi uwanjani sikuwepo. Mafundi wa boila tuliambiwa tubaki juu ya paa la chumba cha boila, ili wageni wasione mafuta kwenye nguo zetu. Nakumbuka. Kumbukumbu ndiyo mali pekee niliyotoka nayo pale. Nakumbuka mkurugenzi alivaa viatu vya kahawia na soksi za kijani. Nakumbuka watu wa idara ya rangi walivyonyimwa maziwa waliyokuwa wakinywa kwa ajili ya vifua vyao, wakaambiwa wakohoe nje. Nakumbuka ufunguo wa choo cha wanawake ulivyotundikwa ofisini kwa msimamizi, na mwanamke mzima, mama wa watu, alivyolazimika kuuomba kwa maandishi. Na nakumbuka kwamba kule juu, kwa kelele za mvuke, sikusikia neno hata moja la hotuba. Nilisikia kicheko. Watu mia nne walicheka kwa pamoja, wanamchekea mtu wa soksi za kijani. Hilo sikuwasamehe. Nimewaambia usoni, mmoja mmoja, kwa miaka thelathini na moja: siku ile mlicheka.

Wiki moja baadaye wakamfukuza mke wangu. Barua ilisema "utovu wa nidhamu", haikusema upi. Mimi nilijua. Nilikuwa nimeanza kuitisha mikutano nyuma ya stoo, na kunigusa mimi walishindwa kwa sababu boila ile ilikuwa haimsikii mtu mwingine. Basi wakamgusa yeye. Nililisema hilo kila mkutano. Mgomo ulipokuja nikalisema nimesimama juu ya pipa. Nilipofukuzwa na mimi nikaendelea kulisema mtaani, kwenye misiba, kwenye foleni ya maji. Jina langu la utani, Spika, nililipata huko. Na neno lenyewe limeandikwa kwenye daftari langu la nne, kati ya manane ninayoandikia habari za kiwanda, kwa sababu walichoandika wao ni uongo mtupu: "Walimfukuza mke wangu ili wanizibe mimi mdomo."

Santuri alinipa mlinzi wa lango, wakati zilizobaki zinapelekwa jalalani. Nikaapa kwamba sauti ya yule mtu haitalia nyumbani mwangu. Si kazi ngumu. Ule utepe unaong'aa unauona hata kwa jicho moja. Unashusha sindano pale, dakika sita umezivuka, unaanza na kwaya.

"Siku moja acha ipige yote," mke wangu aliniambia.

"Yule mtu haingii humu."

"Adui yako usipomsikiliza utamjuaje?"

"Namjua."

"Haya, mwenye nyumba," akasema, akaendelea kupiga pasi. Aliniambia hivyo mara tatu labda, kwa miaka yote. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka jana, akiwa kitandani tayari, na mimi nikamjibu vilevile.

Sasa kosa langu. Tulipotolewa kwenye nyumba za kiwanda tulipanga chumba cha sakafu ya mbao. Mtu akipita, sindano inaruka, na ilikuwa na tabia ya kuruka pale pale, kwenye mstari wa tatu wa mke wangu. Nikaweka sarafu moja juu ya kichwa cha mkono ule mzito. Ikaruka bado. Nikaweka ya pili. Ikatulia. Nilikuwa fundi wa boila, presha naijua mpaka tone la mwisho, lakini kwenye jambo hili niliwaza kama mtoto: kizito hakiruki. Kila jioni kwa miaka saba nilipiga mistari ile minne, sindano ya zamani, sarafu mbili juu. Nilikuwa nalima. Nilipokuja kuelewa uzani ni nini, sauti ya mke wangu ilikuwa imekwanguliwa ukutani kama rangi. Binti yetu alikua akisikia mvua juu ya bati, na mimi nikimwambia, huyo ndiye mama yako.

Binti huyo ni muuguzi, anafanya kazi mji mwingine. Jumamosi iliyopita asubuhi alifika.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekonda."

"Wewe ndiye umekonda. Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

Sikukumbuka. Mimi.

Hakunikazia. Alitoa kwenye mkoba kasha la miwani, na ndani ya kasha, juu ya pamba, katriji. Alisema ameipata kwa mzee mmoja anayeuza vitu vya zamani, na mzee amemhakikishia kwamba sindano yake imechongwa nyembamba kuliko zote, inafika pasipofikiwa na nyingine.

"Kama wewe ulilima juu, baba, chini labda pamebaki. Nataka kumsikia mama akiimba. Mara moja tu. Jumatatu naondoka, nataka niondoke naye humu." Akagonga kompyuta yake kwa ukucha.

"Na asipokuwepo?"

"Nitajua hayupo."

Nikaitazama katriji kwa lenzi. Kazi nzuri. Nikatafuta ndani yangu kama kuna kitu kinasogea, tamaa, hofu, chochote. Nikatafuta bisibisi.

Hatukuwa tumefungua hata skrubu ya kwanza akaingia Fyuzi bila kubisha. Fyuzi alikuwa fundi umeme kiwandani, tunagombana tangu ujana; jina alilipata kwa sababu huwaka haraka na kuzimika haraka. Kwenye sherehe ile ndiye aliyevuta nyaya za kipaza sauti.

"Wenye kelele mpo?"

"Shikamoo baba mdogo," binti yangu akasema.

"Marahaba mwanangu. Baba yako anakusalimia au anakuhutubia?"

"Kaa chini, unaziba mwanga," nikamwambia.

Tukaanza na mashine ya kwanza, kwa haki tu, sindano nene. Nilifuta santuri kwa brashi, nikashusha mkono kwenye utepe. Bati na mvua. Kwaya ilikuwa mbali, nyuma ya mvua, na mistari minne ilipofika palisikika kitu kama mtu anayesema ndani ya gunia. Mashine ya pili, ile shingo ya bata: mvua ikapungua, gunia likabaki. Binti yangu alikuwa amefumba macho, mkono mmoja umeshika kona ya meza.

Ya tatu nikaifunga katriji mpya. Nyaya nne, nyembamba kama nywele, kila moja na rangi yake. Nikapima uzani kwa kijimizani changu, gramu moja na nusu. Nikashusha.

Kwaya ilikuja karibu. Niliwatambua wanaume wa karakana, hata yule aliyekuwa akitoka nje ya sauti. Kisha wakanyamaza ili mke wangu aimbe, na tukasikia mikwaruzo, na ndani ya mikwaruzo neno moja, nusu ya neno jingine, basi. Mistari minne ikapita hivyo. Kwaya ikarudi.

Nikainua mkono. Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo.

"Labda ni katriji," binti yangu akasema. "Labda mzee ameniuzia mbovu."

"Labda."

"Utajuaje?"

Na hapo ufundi ukanibana. Ukitaka kujua kama ugonjwa uko kwenye sindano au kwenye santuri, unaipiga sindano mahali ambapo santuri ni nzima: santuri ile ile, upande ule ule, mfereji ambao haujaguswa. Ikilia safi, sindano haina kosa. Nimewafundisha watu hivyo. Nikageuza bisibisi mkononi.

"Mfereji mzima unao," Fyuzi akasema. "Dakika sita."

"Nyamaza."

"Wewe ndiye fundi. Mimi nimekaa tu."

Binti yangu alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Dakika sita za nini?"

"Mkurugenzi," nikasema.

"Si nzima hizo? Hukuzipiga?"

"Hata mara moja."

"Basi baba, piga. Ni kipimo tu."

Kipimo tu. Nikasogeza mkono hadi ukingoni, mahali ambapo mkono wangu haujawahi kuupeleka, nikashusha. Ulilala kwenye mfereji bila hata kukohoa.

Sauti ilikuwa safi kama maji ya chupa. Upepo kwenye kipaza sauti. Karatasi. Kisha yeye, na nilimtambua kabla hajamaliza neno la kwanza, ile sauti ya mtu anayeongea na mbwa wa jirani. Aliwashukuru wageni. Alisifu mitambo. Hivyo ndivyo nilivyoishi: sauti niliyoipenda nimeila yote, na hii niliyoichukia nimeitunza kama yai, hata vumbi halikuigusa. Nilinyoosha mkono nizime, kipimo kilikuwa kimetosha, katriji haikuwa na kosa.

"Acha," Fyuzi akasema. Hakuwa anatania.

Mkurugenzi akasema kwamba kiwanda hiki si kiwanda, ni nyumba. Akasema hapa hakuna bosi na mtumwa. Akasema, "Mimi kwenu ni kama baba."

Na mwanamke mmoja, karibu kabisa na kipaza sauti, mbele walipopanga kwaya, akasema kwa sauti ya kawaida, wala hakupaza:

"Basi baba, tupe ufunguo wa choo."

Kisha kicheko. Nilikifahamu kicheko kile. Nilikisikia siku ile nikiwa juu ya paa, mafuta kwenye nguo, na nikawachukia watu mia nne kwa ajili yake. Kilipoanza kushuka yule mwanamke akaongeza:

"Au mpaka tuandike barua?"

Kikapanda tena. Mkurugenzi akakohoa. Karatasi ikageuzwa, ikarudishwa. Nilihesabu nukta tisa kabla hajapata neno.

"Huyo ni mama," binti yangu akasema. Akacheka, kisha akajifunika uso kwa kanga ya mama yake iliyokuwa kwenye kiti, akalia kama watu wanavyolia. Mimi nilitazama sindano. Ilikuwa inatembea vizuri, haiyumbi kushoto wala kulia.

Mkurugenzi alipomaliza niliinua mkono.

"Hukujua?" Fyuzi akaniuliza.

"Ningejuaje?"

"Kiwanda kizima kilijua. Ndiyo maana walimfukuza. Wanawake wa kusokota walipata ufunguo wao wiki mbili baadaye, ukatundikwa mlangoni, hujajiuliza kwa nini?"

Nilikumbuka ufunguo kutundikwa mlangoni. Nimeuandika, daftari la pili. Niliandika kwamba ni matunda ya mikutano yetu nyuma ya stoo.

"Ungeniambia."

"Mara mbili nilianza. Mara zote mbili ulinikatiza, ukaniambia na mimi nilicheka."

"Ulicheka."

"Nilicheka mpaka nikaangusha waya."

"Na yeye? Mbona hakuniambia?"

Fyuzi alikuna goti. "Tulimuuliza, wakati wa mgomo. Wewe uko juu ya pipa unasema walimfukuza kwa ajili yako, sisi tuko chini tunatazamana. Akasema, mwacheni, anaihitaji hadithi hiyo. Akasema watu wanakusikiliza ukiisema vile. Nikamwambia shemeji, lakini si kweli. Akasema, kweli ipo kwenye santuri, haiendi popote, siku atakayotaka ataipiga."

Binti yangu alikuwa amefuta uso. Aliunganisha waya wa kompyuta kwenye amplifaya. "Tupige tena baba. Nirekodi."

"Mara moja," nikasema. "Kila ukipiga, unapunguza."

"Mara moja."

Tukapiga. Safari hii binti yangu alisema maneno yale pamoja naye, kimyakimya, midomo tu. Wimbo wa mama yake hakuupata, na hakuuliza tena. Jumatatu aliondoka na ufunguo wa choo.

Fyuzi amenishauri nitubu kwa watu mia nne. Nimemwambia waliobaki hawafiki arobaini. Akasema basi kazi ni nyepesi. Nimeanza na mwanamke wa idara ya kusokota anayeuza uzi karibu na kituo cha mabasi. Nilimwambia, mama, siku ile nilikosea, mlicheka kwa haki. Alinitazama kama mtu aliyeletewa barua ya mtu mwingine. "Ile ya ufunguo?" akasema. "Spika, wewe umeisikia leo?" Akaanza kucheka, akamwita jirani yake aje asikie. Nilisimama pale mpaka wakamaliza.

Jana mchana nilitoa daftari la nne. Ule mstari ulikuwa umeandikwa kwa wino mweusi na kupigiwa mstari chini, mara mbili. Niliukata. Juu yake, kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo, niliandika: "Walimfukuza mke wangu kwa alichosema." Nikaandika alichosema. Kisha nikafungua daftari la pili, nikarekebisha habari za ufunguo, na hapo ilinichukua ukurasa mzima. Mwandiko ulikuwa wa kawaida.

Sarafu mbili zilikuwa bado kwenye kopo la biskuti, chini ya katriji. Nilizitoa nikazitia mfukoni; hazinunui kitu siku hizi.

Nikaweka santuri kwenye mashine ya tatu, nikashusha sindano ukingoni, mwanzo kabisa. Nilisema mara moja, najua nilisema. Mkurugenzi akaingia nyumbani mwangu na viatu vyake vya kahawia, akawashukuru wageni, akasifu mitambo. Chai ilikuwa imepoa. Niliishika hivyo hivyo, nikakaa kwenye kiti cha mke wangu, kilicho karibu na spika, nikamwacha yule mtu aseme mpaka afike kwenye neno baba.